Rehani ya Mtani

Mjukuu wangu Mwanabaraka alikuja wiki iliyopita, uso unamng'aa, akaniambia amepata fremu ya duka pale njia panda, anafungua mgahawa wa chai na vitafunwa. Nikafurahi. Nikamwuliza leseni imekatwa kwa jina la nani. Akasema kwa jina la mchumba wake, maana yeye ndiye aliyepata nafasi ya kwenda kuikata. "Na mie na yeye si kitu kimoja, bibi?" Furaha ikaniishia palepale.

"Kaa chini," nikamwambia. "Weka simu hiyo. Kabla hujanunua hata sufuria moja, nikuhadithie habari ya bibi yako Somoe na mtani wake."

Na nyie wengine sikilizeni, maana mie nikisema sirudii.

Buguruni ninayoizungumza siyo hii ya sasa ya makelele. Ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba za makuti, na barabara ya Pugu nyembamba, vumbi tupu. Alfajiri wachukuzi wa bandarini walipita kwa miguu kwenda mjini, makundi kwa makundi, na karibu wote walisimama kwa Marijani. Marijani alikuwa mume wa dada yangu Somoe. Mkahawa wake ulikuwa kwenye banda la mabati la Bwana Remtulla, Mhindi mwenye duka la jirani. Ndani mlikuwa na mabenchi, meza zilizogongwa kwa mbao za masanduku, na ukutani, ndani ya kioo, leseni. Serikali ya Mwingereza ilitaka leseni itundikwe pale kila aingiaye aione. Marijani alikifuta kioo chake kila asubuhi kabla hajawasha jiko.

Watu waliuita mkahawa wa Marijani, lakini ukweli ni kwamba aliyeuanzisha ni Somoe. Tangu hajaolewa alikuwa anakaa kando ya barabara ile na chungu chake cha vitumbua. Marijani alikuja kula vitumbua, akaja tena, akaja tena, mpaka akaleta posa. Walipoamua kufungua mkahawa, Somoe alikuwa jikoni, mikono ina unga mpaka viwikoni. Marijani akasema, "Basi mie nakwenda boma kukata leseni." Akaenda, akaandikwa yeye. Hakuna aliyeona kosa. Mke na mume, nani anahesabu?

Mie wakati ule nilikuwa nimeachika, nimerudi kukaa kwa dada. Dada anakaanga, mie nakanda maandazi, shemeji anamimina chai. Alikuwa anainua birika juu mpaka usawa wa sikio, na chai inashuka kikombeni haimwagiki hata tone. Nikifumba macho hivi naisikia harufu yake, iliki, na moshi wa kuni za mkorosho. Sijanywa chai kama ile tena, na sitaki mtu anibishie.

Barazani alikaa Gaspar, fundi viatu, Mnyamwezi wa Tabora. Kazi yake kukata makatambuga, vile viatu vya mipira ya magari. Marijani alimpa ile baraza bure, baada ya Gaspar kupoteza kibanda chake cha Kariakoo kwa kesi ambayo hakupenda kuisimulia. Na sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakusema mbele za watu, anakuvua kofia anakwenda nayo, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye usiye na adabu. Akishika kitu chako ni rehani, huchukui kwa nguvu. Unakikomboa kwa atakalolitaka yeye. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayechimba kaburi, na mtani huyohuyo ndiye anayewachekesha wafiwa.

"Nyie Wazaramo," Gaspar alikuwa anamwambia Marijani, "hata nazi hamuiangui. Mnaingoja ianguke, halafu mnalalamika imechelewa."

"Na wewe mpagazi," Marijani anamjibu, "babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, akafika hapa, akaambiwa kuna punda."

Hivyo ndivyo walivyoshinda, asubuhi mpaka jioni. Wateja wengine walikuja kwa ajili ya maneno yao tu, chai ikawa kisingizio.

Mwaka ule Malkia alipotawazwa, Marijani alishikwa na homa. Tuliidhani ni homa ya kupita. Haikupita. Alifariki kabla ya mvua za vuli, hakuacha mtoto, na dada yangu akaingia eda.

Nyie wa siku hizi eda mnaifanyia ufupi. Somoe alivaa nyeupe, akaingia chumba cha ndani, miezi minne na siku kumi, hatoki, hapaki wanja wala mafuta, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Nilikuwa namwona ameketi kwenye mkeka, mikono imelala magotini. Mikono ile sikuwahi kuiona imelala hata siku moja. Iliniuma kuliko kilio chenyewe.

Siku ya kuanua matanga, Gaspar akafanya ya mtani. Alitokea uani amevaa kofia ya Marijani na kanzu yake, inamfika magotini maana Mnyamwezi yule alikuwa mrefu. Akachukua birika tupu, akaliinua usawa wa sikio, akawa anamimina hewa na kuwafokea watu: "Wewe, kikombe cha jana hujalipa, na leo umekuja na mkwe!" Alikuwa Marijani mtupu, sauti, mabega, kila kitu. Watu walicheka mpaka wakalia, na waliokuwa wanalia wakacheka. Halafu akaenda mkahawani, akarudi na leseni katika kioo chake, ameifunga kamba, ameitundika shingoni.

"Hii nimeishika," akasema. "Marehemu alinikalisha barazani miaka yote hakunipa hata kitumbua cha bure. Ni rehani yangu. Anayeitaka aje aikomboe."

Tukacheka na hapo. Tulidhani atataka kuku, apewe, airudishe.

Siku chache baadaye shehe akaja kugawa mirathi. Marehemu hana mtoto: robo kwa mke, iliyobaki kwa ndugu yake. Ndugu mwenyewe alikuwa mmoja tu, Kondo, mchuuzi wa nazi wa Temeke. Sheria ya dini ni hiyo na hatukuipinga. Somoe alipata lile birika kubwa, vikombe na chungu chake cha vitumbua. Kondo akapata mabenchi, meza, masufuria na majiko. Halafu Kondo akauliza, "Na leseni?"

Shehe akafikiri. Akasema leseni haigawiki robo, na kwa kuwa ina jina la Marijani, iende kwa nduguye.

Hapo ndipo kosa letu lilipo, na lilikuwa la wote, shehe, Kondo, mie, ukoo mzima. Tuliiweka leseni kwenye fungu moja na masufuria. Kwetu sie, kila kilichokuwa cha marehemu kina mrithi: mnazi, kitanda, hata deni. Nani angefikiri kuna kitu kinaweza kuzikwa na mtu?

Kondo hakuwa mtu mbaya. Ila faida ikipita mbele yake alikuwa haoni tena shemeji wala jamaa. Alikuja kusimama mlangoni kwa Somoe, nyuma ya pazia, akasema, "Shemeji, mkahawa nitauendesha mie. Wewe utakuwa unakaanga vitumbua, nakulipa kwa wiki."

Dada yangu kukaanga vitumbua kwa kuajiriwa, katika banda aliloliinua yeye. Nilitaka kumrushia Kondo kinu.

Kwa bahati Bwana Remtulla alikuwa mtu wa taratibu. Alikuja na miwani yake puani akafunga banda kwa kufuli. "Mimi sitaki kesi na serikali," akasema. "Mpangaji wangu amekufa. Bibi Somoe atoke eda kwanza, maana mjane hafukuzwi akiwa ndani. Siku hiyo atakayekuja na leseni, yeye nampa ufunguo."

Basi mambo yakawa wazi. Mwenye leseni ndiye mwenye mkahawa. Na leseni ilikuwa mikononi mwa Gaspar, imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Kondo akaanza kumfuata. Angefanya nini? Kukasirika hawezi, kushtaki hawezi. Ukimpeleka mtani wako kwenye baraza la wazee kwa sababu ameshika rehani, mji mzima utakucheka mpaka uhame. Gaspar akamwambia anataka jogoo mweupe asiye na doa. Kondo akazunguka Temeke yote, akampata jogoo, akamleta chini ya kwapa. Gaspar akamkagua unyoya kwa unyoya. Chini ya bawa akapata mmoja mwekundu.

"Huyu siyo," akasema, "lakini kwa kuwa amechoka na safari, nitamla."

Mara ya pili akamwambia, "Babu yangu aliwabebea mizigo wafanyabiashara wa pwani. Leo nataka kuona Mzaramo anabeba." Akamtwisha gunia la mipira ya magari kutoka stesheni mpaka Buguruni, na yeye Gaspar anatangulia mbele na fimbo, anaimba nyimbo za msafara. Watu walijipanga barabarani. Kondo alifika jasho linachuruzika, akanyoosha mkono apewe leseni. Gaspar akasema huo ulikuwa mzigo wa kwenda, bado wa kurudi.

Mji wote ulicheka. Mie sikucheka. Kila nilipopita barazani niliona kwamba Gaspar anacheza, na dada yangu anakwisha. Siku moja nilimwendea nikamwambia yote yaliyo moyoni. Nikamwita mpagazi asiye na haya, nikamwambia Marijani alimfadhili, na yeye anauza mkahawa wa mjane kwa jogoo. "Ichome moto hiyo leseni," nikamwambia, "au mpe dada yangu."

Gaspar akaendelea kukata mpira wake. "Dada yako anatoka lini eda?"

"Unauliza hilo kila wiki. Wewe ndiye utakayemtoa?"

"Nauliza tu. Na wewe Tabu, mdomo huo ungekuwa kisu ningeutumia kukatia viatu."

Nikamwaga ndoo yake ya maji nikaondoka. Nilimchukia siku ile, nawaambia kweli.

Lakini kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alikuwa anakuja kusimama nje ya ua wetu wa makuti, mgongo ameupa ukuta ili asije akasemwa anachungulia. "Mjane," anaita, "bado uko hai?" Ijumaa za mwanzo dada hakujibu. Nilimjibu mie, kwa matusi. Yeye anasema, "Sikukuuliza wewe, kinu." Halafu anasimulia habari za barabarani: nani kaanguka na baiskeli, nani kaoa tena, wachukuzi wanavyolalamika kwamba chai wanayokunywa sasa huko Ilala ni maji ya kuoshea miguu. Hakuna aliyemwomba. Anasimulia, anaaga, anakwenda zake.

Ijumaa moja, alipouliza kama yu hai, ikatoka sauti chumbani: "Nipo, mpagazi. Wewe ndiye wa kuoza." Ilikuwa sauti ya dada yangu, ile ya zamani, ya jikoni. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia mpaka khanga ikalowa.

Tangu siku ile akaanza kujibu. Ijumaa nyingine mie nikiwa sokoni walizungumza peke yao, yeye ndani, Gaspar nje, na ukuta wa makuti katikati. Nilipouliza walizungumza nini, Somoe alisema, "Utani tu." Na alianza tena kuniagiza unga wa mchele, anakaanga uani alfajiri, mie napita njiani nauza. Nikaona anajitayarisha kuajiriwa na Kondo. Nikanyamaza, roho inaniwaka.

Ikafika siku ya kutoka eda. Gaspar alikuwa ametangaza mji mzima kwamba siku hiyo leseni itakombolewa, mbele ya mkahawa, kwa sharti la mwisho: Kondo aje na watu wake na ngoma, acheze mpaka mtani aridhike. Alfajiri wanawake wakamwogesha Somoe, wakamvua nyeupe, wakampaka mafuta ya nazi. Nikadhani tutakaa nyumbani, tujifungie, tusisikie ngoma ile. Dada akajifunga buibui akasema, "Tabu, vaa. Tunakwenda boma."

"Boma kufanya nini? Kumlilia Mzungu?"

"Vaa."

Tukatembea. Ilala, Kariakoo, mpaka mjini kwenye ofisi za serikali, na njia nzima mie nasema, yeye kimya. Nilimwambia tunapoteza muda, nilimwambia Gaspar ni nyoka, nilimwambia afadhali turudi Mbagala kwa mjomba tukalime muhogo. Tulipofika akajipanga kwenye foleni pamoja na wanaume, mgongo umenyooka.

Karani alikuwa kijana mpole, sauti ya bara. "Ndiyo, mama?"

"Shida yangu leseni ya mkahawa. Buguruni, banda la Remtulla."

Akafungua kabati, akatafuta. "Hapo pana leseni ya Marijani."

"Ni mume wangu. Amefariki."

"Pole sana, mama. Basi leseni yake imekufa naye." Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusema hivyo kwa wengi. "Hairithiwi, haiuzwi, haiazimwi. Ilikuwa ruhusa yake yeye. Mwingine akifanya biashara kwa leseni ile ni kosa, atashtakiwa. Ndugu zake mnajua hilo?"

"Mie najua," akasema Somoe. "Nataka yangu."

Karani akasema mahali penyewe hapana tatizo, Bwana Afya alishapakagua mwaka ule, choo kipo, maji yapo. Kilichopungua ni jina. Akauliza jina. Dada yangu akalitaja polepole, asije akakosea: "Somoe binti Salumu." Akaweka dole gumba. Ada ilitoka kwenye pindo la khanga yake, fedha za vitumbua vile nilivyovitembeza njiani mie mwenyewe, bila kujua nauza nini.

Tulipotoka nje nilikaa kwenye ngazi.

"Nani alikwambia?"

"Gaspar. Ijumaa ile ulipokuwa sokoni." Akakaa karibu yangu, pale mbele ya boma, watu wanapita. Akaniambia ile kesi ya Gaspar ilikuwa nini. Kibanda cha Kariakoo kilikuwa cha kaka yake. Kaka alipokufa, Gaspar akaendelea kushona viatu chini ya leseni ya marehemu, akidhani ni urithi wake. Wakamkamata, akatozwa faini, vyombo vikanadiwa. "Alijua tangu siku ile ya matanga kwamba leseni ya Marijani ni maiti. Lakini mie nilikuwa ndani, siwezi kwenda kuweka dole. Kondo angeipata, angekwenda nayo kwa Remtulla, angesomewa, kesho yake angekimbia boma kukata ya jina lake. Gaspar akaona bora amwache Kondo aifukuzie maiti mpaka mie nitoke."

"Na mie? Miezi yote hii namtukana mtu wa watu, nyie wawili mnajua, mmeniacha kama kinyago?"

"Tabu mdogo wangu," akasema, "wewe hata kikohozi hukai nacho. Ningekwambia asubuhi, jioni Kondo angekuwa boma."

Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Lakini ni kweli.

Tuliporudi Buguruni jua limeshapinda, ngoma bado inalia. Watu wamejaa mbele ya mkahawa. Kondo yuko katikati, leseni ya Marijani inaning'inia shingoni, anacheza, na Gaspar ameketi kwenye kigoda chake anamwambia bega la kushoto bado halijaridhisha. Alipotuona akainua mkono. Ngoma ikanyamaza.

"Nimeridhika," akasema. "Kondo, umeikomboa. Ni yako, nenda nayo."

Kondo akaenda nayo moja kwa moja kwa Bwana Remtulla, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa duka na ufunguo mkononi. Remtulla akashusha miwani, akasoma. "Hii inasema Marijani."

"Ni kaka yangu. Nimemrithi."

"Ndugu yangu, hii siyo baiskeli. Marijani yuko makaburini. Wewe ni Marijani?" Watu wakaguna. Somoe akapita katikati yao, akatoa karatasi kwenye buibui, akampa. Remtulla akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Halafu akamtilia dada yangu ufunguo kiganjani, mbele ya watu wote.

Kondo akamgeukia Gaspar. Mji mzima ukangoja uone kama atakasirika. Nikiri nilitamani akasirike. Akaangalia leseni iliyo shingoni, akaangalia miguu yake yenye vumbi la ngoma.

"Na jogoo wangu?" akauliza.

"Alikuwa mtamu," akasema Gaspar.

Kondo akacheka. Kicheko kilimtoka kwa taabu, lakini kilimtoka, na kwa hilo nilimsamehe. Alichukua mabenchi yake na masufuria yake, ni haki yake. Alinuna muda, halafu akawa anapita asubuhi kunywa chai, na analipa.

Tulifungua na birika, vikombe na chungu kimoja. Wateja walikunywa wamesimama, na wachukuzi wote walirudi. Somoe alimimina mwenyewe, usawa wa sikio. Siku ya kwanza alimwaga, ya pili akamwaga, baadaye hakumwaga tena. Leseni yake aliitundika ndani ya kioo kilekile cha Marijani. Alipotaka kumshukuru Gaspar, Gaspar akasema mtani hashukuriwi, na kwamba kitumbua cha bure bado anakidai. Akapewa. Akapewa kila siku mpaka siku aliyokufa.

Alikufa barazani palepale, mwaka mmoja kabla bendera hazijabadilishwa. Alilaza kichwa juu ya kazi yake, tukadhani amesinzia. Ndugu zake walikuja kwa treni kutoka Tabora, watu wapole, wageni na mji. Na sie tulikuwa watani. Ilikuwa zamu yetu. Somoe alikuwa mtu mzima sasa, mwenye heshima zake, lakini alijifunga ile aproni ya ngozi ya Gaspar, akakaa kwenye kigoda, akashika nyundo, akaanza kuwaita wapitao: "Wewe Mzaramo, leta mguu, nazi imeanguka!" Sauti ya Gaspar, macho yake, ile namna ya kutokuangalia mtu usoni. Watu walianguka kwa kicheko. Wale ndugu walicheka na machozi yanawatoka.

Halafu akainua nyundo. "Hii nimeishika," akasema.

Mkubwa wa wale ndugu akajua la kufanya. Alikuwa amejitayarisha, akaleta jogoo mweupe, akampigia magoti. "Mtani, tunakomboa."

Somoe akamwangalia yule jogoo muda mrefu. Mtani halii, ndiyo kanuni, na hakulia. "Rehani hii haikombolewi na jogoo," akasema. "Aje mwenyewe."

Hakuna aliyecheka hapo. Yule ndugu akainuka polepole na jogoo wake kwapani.

Dada yangu amekwisha tangulia, Mungu amrehemu. Mkahawa haupo, banda la Remtulla sasa ni ghorofa. Nyundo ninayo mie, imetundikwa sebuleni, chini ya kile kioo.

Nilipomaliza, Mwanabaraka akachukua simu yake. Aliondoka, na mchumba wake alinuna siku mbili, najua kwa sababu alinipigia simu kunilaumu, nikamjibu. Wiki hii Mwanabaraka akaja na karatasi mpya, jina lake kamili, ameitia kwenye fremu. Akaniomba msumari nikampa. Akainua mkono kuchukua ile nyundo.

"Hiyo iache," nikamwambia. "Ina mwenyewe, hajaja."

Akatoka nje akaokota jiwe.